Tone la mvua juu ya waridi: kwa nini ua lililomo ndani ya tone halitoki vizuri pichani?

Mkaa Milimani (Lushoto)

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaishi Lushoto, na nyuma ya nyumba yetu nina bustani ndogo ya mawaridi, mihaibiskasi miwili ya maua mekundu, mayungiyungi meupe, na magimbi machache yaliyojiotea kando ya mfereji. Masika haya nimejipa kazi ya kupiga picha matone yanayobaki juu ya maua kila mvua inapokatika. Kwa wiki tatu nimepiga picha zaidi ya mia nne, na nikisema kweli hazifiki tano ninazoweza kumwonyesha mtu bila kuona haya.

Nina kamera ya kubadilisha lenzi niliyoinunua mkononi mwa mtu, pamoja na lenzi mbili, ile ya milimita 18 hadi 55 na nyingine ya milimita 50. Nimeona katika picha za watu wengine kwamba tone linaloning'inia hubeba ndani yake ua zima lililo nyuma, dogo na kamili kama limechorwa kwa kalamu. Katika picha zangu tone lenyewe hutoka kali, ukingo wake ukionekana wazi kabisa, lakini ua lililomo ndani huwa ukungu wa rangi tu. Kamera ikilenga vizuri, ukungu huo unatoka wapi?

Jambo la pili ni doa jeupe linalotokea karibu katika kila tone na kuniharibia picha hata pale ambapo mengine yote yamekaa sawa. Zaidi ya hayo, binamu yangu ananishauri niache kusubiri mvua, nichanganye gliserini na maji na kunyunyizia maua wakati wowote ninaotaka. Je, ni lazima ninunue lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, na je, ushauri wa binamu yangu ni wa kufuatwa?

Mwalimu wa Mchana (Moshi)

Dada Mkaa Milimani, umeuliza swali ambalo jibu lake limo ndani ya tone lenyewe. Mimi hufundisha fizikia sekondari, na kila mwaka mada ya lenzi ikifika huwatoa wanafunzi nje baada ya mvua badala ya kuwachorea ubaoni, kwa sababu tone la maji ni lenzi iliyo tayari na haina gharama.

Kinachokusumbua ni kwamba ukingo wa tone na taswira ya ua haviko mahali pamoja. Tone linaloning'inia, tukilichukulia kuwa ni duara, hupinda nuru inayotoka kwenye ua la nyuma na kuikusanya upande wa pili, yaani upande uliko wewe na kamera yako. Taswira hiyo hujengwa hewani, mbele ya tone, kwa umbali unaokaribia kipenyo kizima cha tone ukipima kutoka katikati yake. Tuseme tone lina upana wa milimita 4. Ukingo unaouona kuwa duara uko katika usawa wa katikati ya tone, ilhali ua lililogeuzwa juu chini liko takriban milimita 4 karibu zaidi na kamera. Milimita 4 ni kitu kidogo ukiwa unapiga picha ya mtu, lakini kwa kazi yako ni umbali mkubwa mno. Kwa kamera ya aina yako, ukikuza kitu hadi nusu ya ukubwa wake halisi na kuweka tundu la lenzi kwenye f/8, sehemu itakayotoka kali haizidi milimita 2 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Kamera inaposhika ukingo wa tone, ua limeshaachwa nje.

Kwa hiyo achana na ulengaji wa kujiendesha. Washa kioo cha nyuma cha kamera, kuza sehemu ya tone hadi mwisho, lenga ukingo kwa mkono, kisha irudishe kamera nzima nyuma polepole, mbali na tone, mpaka ukungu ule ujikusanye na kuwa ua. Usizungushe ringi ya lenzi kwa wakati huo, kwa maana ukiizungusha unabadilisha pia ukubwa wa picha na kujipoteza. Ukitaka ukingo na ua vyote viwe vikali kwa pamoja, weka f/16 na ulenge katikati ya hivyo viwili. Sehemu kali itafika kama milimita 4, na hapo utakuwa umevifunika vyote kwa shida. Usiende hadi f/22 au zaidi ukidhani utapata nafuu, kwa sababu tundu likiwa jembamba sana nuru hutawanyika inapopita na picha nzima hulegea. Njia nyepesi zaidi ni kuchagua tone dogo: tone la milimita 2 linahitaji milimita 2 tu.

Kuhusu ukubwa wa ua ndani ya tone, iko hesabu rahisi ambayo haihitaji karatasi. Gawanya upana wa ua kwa umbali wake kutoka kwenye tone, na jibu ni sehemu ya upana wa tone itakayojazwa. Waridi la sentimita 7 likiwekwa sentimita 14 nyuma ya tone litajaza nusu ya tone; likiwekwa sentimita 7 litalijaza lote, na kingo zake zitapinda vibaya. Hii ni makadirio, kwani tone linaloning'inia hurefuka kidogo kwa uzito wake, lakini imenifaa kila mara. Usisahau kwamba ua litatoka kichwa chini. Wengine huipindua picha baadaye, wengine hulifunga ua la nyuma likiwa limeinama tangu mwanzo.

Mpiga Picha wa Mji Mkongwe (Unguja)

Assalamu aleikum. Mwalimu amemaliza habari ya tone, nami nitasema juu ya vyombo na nuru, maana kazi yangu ni picha za harusi na maua huyapiga kwa mapenzi tu.

Usinunue lenzi ya makro kwa sasa. Lenzi yako ya milimita 50 inakutosha ukiitafutia ringi za kurefusha, zile duara tupu zisizo na kioo ndani zinazofungwa kati ya kamera na lenzi. Ringi ya milimita 25 nyuma ya lenzi ya milimita 50 huongeza ukuzaji kwa nusu ya ukubwa halisi, na hicho ndicho kiwango ambacho Mwalimu anakizungumzia. Angalia zinunuliwe zile zenye pini za umeme, kwa sababu zisizo na pini huikata kamera isizungumze na lenzi, nawe hutaweza kubadilisha tundu. Ubaya wake ni kwamba utalazimika kusogea karibu sana na ua, na kivuli chako mwenyewe kitakuzibia nuru usipokuwa mwangalifu.

Sasa hilo doa jeupe. Doa katika tone si kosa la kamera, bali ni kitu cheupe au king'aacho kilichopo bustanini kwako na ambacho tone limekiona kabla yako. Tone huona pande nyingi kwa wakati mmoja: mbingu, ukuta uliopakwa chokaa, paa la bati, hata shati lako. Ukitumia flashi, doa hilo ni flashi yenyewe, na dawa yake ni kuizima. Kama hukutumia flashi, tazama doa limekaa wapi. Likiwa sehemu ya juu ya tone, mara nyingi ni mbingu inayoakisiwa kwenye uso wa maji, na unaweza kuipunguza kwa kushikilia kitambaa chepesi cheupe juu ya ua, ili badala ya nukta kali upate mng'ao mpana na laini. Likiwa sehemu ya chini, basi ni kitu kilicho juu na nyuma ya tone, kwa sababu tone hugeuza kila kitu. Hapo kitambaa cheupe hakisaidii. Unahitaji kitu cheusi cha kuziba.

Mimi hutafuta wakati mvua imekatika na mawingu bado yametanda, kwa kuwa nuru huwa sawa pande zote. Jua likitoka ghafla, geuka ulipige ua kutoka upande wa kivulini, nuru ikitokea nyuma yake, na petali zitawaka kama taa ya karatasi. Huku kwetu asumini hunipa taabu ya namna yake, kwani ni nyeupe na nyuma yake kuna majani yenye giza. Kamera hudanganyika na giza lile na kuliunguza ua lote hadi mishipa yake ikapotea. Mayungiyungi yako yatakufanyia vivyo hivyo, kwa hiyo punguza mwanga wa picha kwa hatua moja kisha utazame.

Neno la mwisho juu ya unyevu. Lenzi zangu mbili ziliota kuvu kwa sababu nilizifungia ndani ya mkoba wa ngozi zikiwa bado na maji ya mvua. Baada ya kazi zifute, ziache hewani zikauke, kisha uzihifadhi katika sanduku la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya silika vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu. Mchele ambao watu husifia haufanyi kazi hiyo sawasawa, na vumbi lake huingia mahali pabaya.

Mama Kitalu (Limuru)

Mimi si mpiga picha bali ni mtu wa miche na maua, na nimeufuata mjadala huu kwa furaha. Ningependa kuongeza kwamba kabla ya kuchagua lenzi, dada yetu achague ngozi ya ua, kwa maana si kila ua linalishika tone kwa namna moja.

Anza na waridi. Petali yake ina vinundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo hulifanya tone lijikunje na kuwa duara huku likibaki limenatia palepale, hata ukiipindua petali. Wanasayansi waliieleza tabia hii mwaka 2008 na kuiita jina la petali yenyewe. Gimbi ni kinyume chake. Jani lake limepakwa nta juu ya vinundu, na tone likitua huviringika kama gololi ya zebaki na kuondoka na vumbi lote, jambo ambalo Mjerumani Wilhelm Barthlott alilifanya lijulikane sana alipoandika juu ya jani la yungiyungi takatifu la Asia mwaka 1997. Kwa hiyo dada akitaka tone kubwa moja lililotulia kabisa katikati ya jani, gimbi litampa tone zuri kuliko yote, lakini asiliguse jani wala asipumue kwa nguvu. Haibiskasi haina msaada mkubwa kwa kazi hii. Petali yake ni nyembamba, ikilowa hulegea, na ua lenyewe huishi siku moja tu. Mimi ningelitumia kama ua la nyuma, kwa ajili ya wekundu wake.

Tone lililolala juu ya petali halitakuonyesha ua la nyuma lililogeuzwa. Litakuonyesha petali iliyo chini yake, imekuzwa na imesimama sawa, mishipa ikionekana kama kupitia kioo cha kukuzia. Hizo ni picha mbili tofauti, na nadhani dada amekuwa akitafuta picha ya kwanza katika matone ya aina ya pili. Kwa ua lililomo ndani ya tone atafute matone yanayoning'inia kwenye ncha ya jani, chini ya kikonyo, au kwenye uzi wa buibui.

Wakati nao una siri zake. Ukiamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata usiku usiponyesha, utakuta matone yamejipanga kwenye kingo na ncha za majani ya magimbi na ya nyasi, moja moja, kana kwamba yamehesabiwa. Watu wengi huyaita umande, lakini mengi ya hayo ni maji ambayo mmea wenyewe umeyasukuma kutoka mizizini usiku, wakati hewa ina unyevu mwingi na majani hayawezi kuyatoa kama mvuke. Kwa mpiga picha hayo ni bora kuliko ya mvua, kwa sababu hukaa mahali palepale kila siku, nawe unaweza kuiweka kamera tayari tangu jioni ukijua tone litatokea wapi.

Gliserini mimi siipendi. Inabaki juu ya jani, inanata, inakusanya vumbi, na mtu asipoiosha kwa maji safi baada ya picha anauachia mmea uchafu usio wake.

Mwalimu wa Mchana (Moshi)

Namshukuru Mama Kitalu kwa kutenganisha matone yanayoning'inia na yaliyolala, kwani mimi niliruka moja kwa moja hadi kwenye yale ya kwanza. Tofauti hiyo ndiyo iliyojibu pia hofu ya zamani ya wakulima kwamba matone yakipigwa na jua la mchana huunguza majani. Mwaka 2010 watafiti wa Hungaria waliipima, wakaona kwamba juu ya jani laini tone hulala bapa, na mahali ambapo nuru ingekusanyika ni chini zaidi ya jani, hivyo haliungui. Ni kwenye majani yenye vinyweleo, ambayo hulinyanyua tone na kuliacha duara hewani, ndipo nuru inaweza kukusanyika juu ya ngozi ya jani. Dada akiwa na Saintpaulia kibarazani, yale maua ya zambarau yenye asili ya milima yake ya Usambara, atawaona vinyweleo hao kwa kioo cha kukuzia, na matone juu yao hukaa kama shanga.

Kuhusu gliserini nina sababu nyingine, isiyo ya bustani. Gliserini hupinda nuru kuliko maji. Katika tone la maji taswira hujengwa kwa umbali wa karibu mara mbili ya nusu kipenyo kutoka katikati. Katika tone la gliserini tupu umbali huo hushuka hadi mara moja na nusu hivi, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huwa katikati ya hayo. Kwa hiyo ua ndani ya tone litatoka dogo zaidi, na hesabu niliyokupa haitakubali. Sisemi ni haramu. Tone lake halikauki upesi kwa kuwa gliserini huvuta unyevu wa hewani, na mtu anayejifunza anaweza kulifanyia mazoezi sebuleni usiku kucha bila kukimbizana na jua.

Mpiga Picha wa Mji Mkongwe (Unguja)

Mimi naitumia, na sioni dhambi yake, alimradi mtu asije akaandika chini ya picha kwamba ilikuwa mvua ya alfajiri. Mteja akitaka shada la harusi lenye matone saa nane mchana, siwezi kumwambia asubiri masika.

Mkaa Milimani (Lushoto)

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza, na jana mvua ilinyesha usiku kucha ikakatika alfajiri.

Nimeyaacha mawaridi kwa muda na kufuata ushauri wa Mama Kitalu. Nililipata tone linaloning'inia kwenye ncha ya jani la gimbi, nikakata haibiskasi moja na kuifunga kwenye kijiti kwa kibanio cha nguo, sentimita kama ishirini nyuma yake, kisha nikakisindilia kijiti ardhini. Ringi bado sijazipata, lakini mdogo wangu alinionyesha kwamba lenzi ya milimita 18 hadi 55 inaweza kugeuzwa nyuma mbele na kushikiliwa kwa mkono mbele ya kamera, na ingawa tundu halirekebishiki kwa namna hiyo na mkono unatetemeka, ukuzaji wake ulinishangaza. Nilipoirudisha kamera nyuma kwa upana wa ukucha, ule ukungu mwekundu ulijikunja mara moja ukawa ua, kichwa chini, na ule ulimi wake wa manjano ukaonekana wazi. Nilipiga kelele hadi majirani wakauliza kulikoni.

Doa jeupe nalo nimelipata. Lilikuwa sehemu ya chini ya tone, na nilipogeuka kutazama juu na nyuma ya jani niliona paa la bati la jiko letu likimeta kwa maji ya mvua. Mume wangu alinishikia mwavuli mweusi kati ya paa na jani, na doa likafutika kama limepanguswa, isipokuwa kwamba alipochoka na kubadilisha mkono, tone lote lilijaa weupe tena, nikapoteza picha sita. Kesho nitaanza mapema zaidi, kwa sababu yeye huondoka kwenda kazini saa moja na nusu na mwavuli hauna mshikaji mwingine.